Kombi Iliyokuja Bila Ufunguo

Vijana wangu, jina langu la ubatizo limebaki kanisani. Hapa Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa mjini, wananiita Mzee Wasiwasi, na sijawahi kulikataa. Nimenyoosha bodi za magari tangu ndevu hazijaota mpaka zimeota na kugeuka nyeupe. Sasa nimestaafu, gereji nimeifunga, lakini sumaku yangu bado iko mfukoni. Hata ibadani nakwenda nayo. Mke wangu anasema siku ya kuzikwa kwangu nitaamka kwanza nipime misumari ya jeneza.

Ninyi mnaoanza kazi hii, nunueni sumaku kabla ya nyundo. Ifunge kwenye kitambaa isikwaruze rangi, kisha itembeze polepole kwenye bodi. Penye bati itang'ang'ania. Penye fila, yaani ule udongo wa kuziba mashimo unaokauka ukawa mgumu, itadondoka mkononi mwako. Ikidondoka usiseme neno. Nyamaza, mwangalie mwenye gari usoni. Akianza kujieleza kabla hujamuuliza, basi huyo analijua shimo lake vizuri kuliko wewe.

Haya sikuzaliwa nayo. Alinifundisha marehemu Fundi Mtove, mtu mfupi, mkali, mwenye vidole vilivyopinda kwa nyundo. Alinifunga leso machoni kutwa nzima, akanipeleka gari hadi gari, nipapase kwa kiganja. "Wewe macho yako yanapenda rangi," alisema. "Yafumbe." Nikapapasa. Kumbe kweli, mahali ambapo jicho linaona bapa safi, kiganja kinakuta bonde.

Na bado nilimtia aibu. Alinituma Mafinga kumalizia lori la mbao la mzee mmoja wa huko. Baridi ya Mufindi mnaijua wenyewe, asubuhi hata mate yanachelewa kutoka. Fila haikauki. Mimi na haraka zangu nikaongeza hadina, ile dawa ya kukaushia, nikamimina kama mtu anayeunga mboga ya wakwe. Ikakauka chapchap, nikapaka rangi, lori likang'aa, mzee akafurahi. Likapakiwa magogo. Halijafika hata barabara kuu, likatikisika kidogo tu, ubavu wote wa fila ukabanduka ukaanguka chini mzima mzima, bado una rangi na nusu ya jina la mwenye lori.

Mtove hakunipiga. Alilichukua lile pande akalitundika juu ya mlango wa gereji. Kila mteja aliyeingia aliuliza, "Hiki nini?" na kazi ya kueleza nilipewa mimi. Nilieleza mpaka nikachoka kuwa na haraka.

Nawaambia hayo mjue nilikuwa mtu wa namna gani siku kombi ile ilipokuja. Ilikuwa mwaka jana, nilikuwa nimeshawaaga wateja. Lori likasimama nje ya uwanja wangu, limetoka Mbeya, na juu yake imefungwa minyororo kombi ya zamani sana, ile midogo yenye kitanda ndani na paa linaloinuka, wazungu walikuwa wanalala humo njiani. Kutu imeila miguuni. Pembeni ya dereva wa lori akashuka mama wa makamo, mfupi, amejitanda kitenge, anatembea kama mtu aliyezoea kubeba ndoo.

"Kamwene, mama," nikamsalimia Kihehe.

"Kamwene, fundi," akajibu, kisha akacheka. "Hapo ndipo Kihehe changu kinapoishia. Mimi Mnyakyusa. Niite Mama Atu."

"Gari ni lako?"

"Ni la nyumbani."

Sikulipenda jibu hilo. Nikamuuliza ufunguo uko wapi. Akasema uko nyumbani. Kadi ya gari? Iko nyumbani. Nikamuuliza, Mbeya mafundi wamekwisha? Wapo wamejaa kule, tena wazuri, kwa nini upandishe kombi juu ya lori uilete Iringa kwa mzee aliyestaafu?

"Nimeambiwa wewe huna haraka," akasema.

Vijana, mtu akikusifia kabla hujamfanyia kazi, shika mfuko wako.

Nilifungua kidirisha cha pembeni kwa waya, nikaingiza mkono, nikatoa komeo. Kisha nikamtega. Nikamwambia, "Mama, hebu vuta huo mlango mkubwa wa ubavuni hewa iingie." Magari haya mlango wa kuteleza una tabia zake, kila moja na yake, na anayeishi nalo anazijua. Mama Atu akashika kishikio, akavuta. Wapi. Akavuta kwa mikono miwili. Mlango umenuna. Nikajisemea moyoni, huyu hajawahi kuufungua mlango huu hata siku moja.

Halafu akanichanganya. Akazunguka nyuma, akaweka kidole chini ya mpira wa dirisha la kushoto. "Hapa pana tundu, fundi. Ukibonyeza linatoa maji mekundu." Nikabonyeza. Yakatoka maji mekundu. Akainama, akanionyesha chini ya kizingiti cha mlango, mahali pa kulala chali ndipo upaone, akasema, "Na hapa patapasuka." Nikagonga kwa bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini.

Sasa niambieni. Mtu hawezi kufungua mlango, lakini anajua kutu iliyojificha kuliko sumaku yangu. Mimi nilimweka kwenye moja ya makundi mawili: ama ni mkaguzi, ama katumwa na wezi.

Nikapokea kazi kwa sababu nisingelala kwa kutaka kujua. Ila nikafanya ninavyofanya kwa gari lenye maneno: nikaliweka juu ya matofali, nikayavua matairi yote nikayaingiza chumbani kwetu. Mke wangu akayatazama.

"Kwa hiyo sasa tunalala na matairi?"

"Gari la wizi likipotea usiku nitajibu nini?"

"Na ukiota umegongwa usinipigie kelele," akasema, akavuta blanketi.

Kazi ya gari la zamani haianzi kwa kuongeza kitu, inaanza kwa kutoa. Nilibandua mazulia, nikavunja makabati yaliyooza, nikakata kila bati lililokuwa limekufa. Hapo msione huruma. Ukiacha kutu kidogo kwa sababu umechoka, umeifungia ndani na chakula chake. Mabati mapya nilichomelea kidogo kidogo, nachoma hapa, nahamia kule, maana ukikaza moto sehemu moja bati linajikunja hutolinyoosha tena. Siku hizi mnazo mashine nzuri, na rangi mnachanganyiwa na kompyuta. Sina ubaya nazo. Lakini kompyuta haikuambii gari lilikotoka.

Mbao za kabati na kitanda nilifuata Mafinga mwenyewe. Muuzaji akaniapia kwamba ni kavu. Mimi nikaichukua mbao nikaiweka shavuni. Mbao mbichi ni baridi shavuni hata kama juu imepauka. Nikairudisha, nikachukua nyingine, nikaiweka shavuni, mpaka yule kijana akasema, "Mzee, unanunua mbao au unachumbia?" Nikamwambia, ndoa ya mbao mbichi inavunjika milango ya kabati ikigoma kufunga.

Muda wote huo Mama Atu ananipigia simu, na kila akipiga ananizidishia wasiwasi. Kitanda kiwe chini, sawa na dirisha, mtu aliyelala aone nje. Kiwe na mikanda. Mlangoni kuwe na ngazi fupi na mshikio imara, tena upande wa kushoto tu. Nikamuuliza nani atalala humo. "Nataka kusafiri, fundi," akasema, basi. Mtu amelala, amefungwa mikanda, kwenye barabara hii inayokwenda mpakani Tunduma! Akili yangu ilikwenda mbali, vijana. Nilikuwa naamka nakwenda kugonga sakafu ya lile gari nisikie kama kuna mahali pa kuficha watu.

Na kulikuwa na jambo la rangi. Mbavu za kombi ile zilikuwa na mstari. Si wa kuchorwa. Kuanzia chini mpaka usawa wa kidevu changu rangi ilikuwa imekwisha, imelika mpaka praima, ile rangi ya chini ya kutangulizia, inachungulia. Juu ya mstari, rangi ilikuwa nene, chafu, imeganda mavumbi ya miaka. Mstari umezunguka gari zima. Nilifumba macho, nikapapasa kama Mtove alivyonifundisha. Si msasa uliofanya vile, msasa unaacha mikwaruzo. Hii ilikuwa laini. Nikasema hapa kuna mtu alianza kubadilisha rangi ya gari la wizi akakurupushwa. Kwa hiyo sikupaka rangi. Nilimaliza kila kitu, hata fundi wa injini nilimwita akaifufua, mbavu nikaziacha. Rangi ndiyo inaficha mambo, sitampa nisiyemjua.

Kazi ilikuwa imefika hapo alipokuja mtu aitwaye Ambokile. Kijana mtu mzima, koti la ngozi, simu mbili. Akanisalimia vizuri, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa ubavuni, akausukuma kidogo kwa nyonga, akainua kishikio juu, akavuta. Mlango ukafunguka kama wa friji.

"Hili ni gari la kaka yangu," akasema. "Nimefanya naye kazi humu miaka. Yeye dereva wa wageni, mimi napika, nafunga mahema. Kitulo, Ruaha, Ziwa Nyasa, kote. Kaka anaumwa. Shemeji kalichukua gari bila ufunguo, kalificha huku nisijue. Nimeambiwa na dereva wa lori."

Moyo wangu ukasema, umeona! Nikamuuliza anataka nini. Akasema amepata mteja wa Arusha, atalikata ubavu mmoja, aweke kaunta, auzie kahawa. Ubavu wangu! Nilioukalia kwa magoti wiki baada ya wiki! Roho iliniuma hapo, siwafichi. Lakini mlango alikuwa ameufungua, na mama alishindwa. Kwa mizani yangu Ambokile alikuwa ameshinda. Nilienda chumbani, nikayatoa matairi mawili.

Nikiwa nimelishika la pili nikasita. Jambo likijipanga vizuri namna hiyo, mimi nataka kuligonga tena. Nikampigia Mama Atu, nikamwambia njoo kesho, shemeji yako yuko hapa. Akasema, "Nakuja."

Alikuja na basi la asubuhi. Ambokile akaanza papo hapo, "Shemeji, hivi kweli unamwibia kaka?" Mama Atu alikuwa analitazama gari. Lilikuwa limeingiwa na vumbi la uwanja wangu, na mwanamke yule, huku anatukanwa, akachovya pembe ya kitenge chake kwenye ndoo yangu ya maji akaanza kufuta. Hakujua hata kama anafuta. Mkono ulikwenda kwa mduara, ukapanda, ukapanda, akasimama kwa ncha za vidole, ukaishia.

Ukaishia pale pale kwenye mstari.

Nikamwendea. Nikautazama mkono, nikautazama mstari. "Mama," nikamwambia, "umelipanda gari hili mara ngapi?"

"Sijawahi kulipanda."

"Hata mara moja?"

"Ni gari la kazi, fundi. Mgeni amelipia, hataki kukaa na mke wa dereva. Likirudi tupu linafungwa. Baba Atu ananiambia, lioshe, kesho nina safari." Akaendelea kufuta. "Nimeosha matope ya Kitulo hapa. Nimeosha vumbi la Ruaha. Sijaona yalikotoka."

Mwe! Hata Ambokile alitazama viatu vyake.

Ndipo akasema yote. Mumewe alipigwa na kiharusi, upande wa kulia umelala. Alikuwa anakaa barazani anaitazama kombi inaoza bandani. Neno limebaki moja, "haya", kila kitu haya. Ufunguo ameuvaa shingoni, na mama akiugusa anaufumbata. Sasa Mama Atu, na umri wake, amejifunza udereva kwa siri, leseni anayo. Anataka ampakie ampeleke kule alikokuwa anawapeleka wengine, amlaze aone nje. Nikamuuliza mbona hakuniambia kama kuna mgonjwa.

"Watu wakisikia kiharusi wanamzika mtu bado anapumua," akasema. "Nilitaka gari litengenezwe la mtu mzima wa afya."

"Na asipotaka?" Ambokile akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. "Kama angetaka uendeshe wewe, si angekupa ufunguo? Shemeji, mimi najua anavyolipenda gari hili. Hakuna aliyeligusa usukani."

Nikamwona mama macho yakimjaa. Hilo ndilo alilokuwa analiogopa kuliko kuitwa mwizi: kwamba mumewe anamnyima. Tukakubaliana hapo hapo, watatu. Mwenye gari aletwe. Atakayepewa ufunguo kwa mkono wa Baba Atu mwenyewe, ndiye. Akipewa Ambokile, gari linakwenda Arusha.

Walipoondoka nikashika msasa. Niliupiga ule mstari mpaka ukaisha, nikapaka rangi gari zima, kijani na nyeupe, nikayarudisha matairi yote. Mke wangu akasema, "Kumbe umemwamini." Nikamwambia sijamwamini mtu, nimeuamini mkono.

Wakamleta kwa gari la kukodi. Baba Atu mrefu, jitu la watu, amekonda upande mmoja, amevaa suti kama anakwenda kupokea wageni. Ufunguo unaning'inia kifuani. Alipoiona kombi alisimama. Mdomo ukacheza.

"Kaka, unataka tuliuze?" Ambokile akamuuliza.

"Haya."

"Baba Atu, unataka tusafiri?" mama akamuuliza.

"Haya."

"Unaona?" Ambokile akaniambia. "Hata ukimuuliza kama anyongwe atasema haya."

Baba Atu akatupita wote. Akaburuza mguu mpaka mlango wa dereva, akaufungua kwa mkono wa kushoto, akajaribu kupanda. Mguu ukakataa. Akajaribu tena. Ambokile alitaka kumsaidia nikamshika koti. Mzee akajaribu mara ya tatu, akaegemeza paji la uso kwenye mlango, mabega yakatikisika. Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa anamnyima mkewe. Alikuwa anasubiri mguu upone, na ufunguo ukitoka shingoni, basi ameshakubali kwamba hautapona.

Kisha Baba Atu akainua kamba shingoni kwa mkono mmoja, ikamkwama sikioni, hakuna aliyethubutu kuikwamua. Ikatoka. Ambokile, kwa mazoea ya miaka, akanyoosha mkono. Baba Atu akautazama ule mkono, akageuka, akaufungua mkono wa mkewe, akauweka ufunguo, akaufunga kwa vidole vyake.

"Haya," akasema.

Mama Atu alilia kwa sauti, mimi nikajifanya naangalia upepo wa matairi. Ambokile akaenda kuufungua mlango wa ubavuni. "Shemeji, njoo nikuonyeshe," akasema. "Unasukuma na nyonga kwanza."

Msidhani niliacha wasiwasi. Gari nililolishika haliondoki bila mimi kulipanda. Nikakaa nyuma pembeni ya kitanda, Ambokile akarudi kwao na basi, tukaanza safari, mama kwenye usukani, mzee amelala na mikanda yake, shingo kaigeuza dirishani. Kila kilima nasikiliza injini. Kila tukisimama nashuka, nachungulia chini kama oili inadondoka. Mama Atu alikuwa anaendesha vizuri, jambo ambalo pia nililitilia shaka mpaka Mafinga.

Karibu na msitu wa misonobari, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, lori la magogo likatupita likatumwagia tope lote la barabara. Kioo kikawa cheusi, ubavu wangu mpya wote umepakwa. Mama akasimamisha gari pembeni. Akashuka, akachukua ndoo na kitambaa, akaanza kuosha kama alivyoosha miaka yote.

Nikasikia mikanda inafunguliwa. Nilitaka kumzuia, nikajizuia mwenyewe. Baba Atu akashika mshikio wa kushoto, akaweka mguu kwenye ile ngazi fupi, akashuka. Akaburuza mguu mpaka alipo mkewe, akanyoosha mkono. Mama Atu akadhani anataka kushikwa, akampa bega. Mzee akatikisa kichwa, akachukua kitambaa.

Alikuwa hajui kuosha. Alisambaza tope zaidi ya kulitoa, na maji yakamwingia kwenye mkono wa suti. Mimi nilikuwa na sumaku mfukoni na sikuigusa. Ule mstari nilishaufunika kwa rangi, lakini najua ulipokuwa, na mzee yule alianzia juu yake, kule ambako mkono wa mkewe haukuwahi kufika.